Kompyuta ikizima ovyo, pima RAM kabla ya kumlaumu mtoto

Dar es Salaam. Kompyuta ya nyumbani ikianza kuzima ovyo, wazazi wengi hawatafuti ugonjwa, wanatafuta mtu. Katika nyumba yenye kijana anayependa magemu, mtu huyo hupatikana hata kabla fundi hajaitwa.

Familia moja ya Mbagala iliishi na kesi hiyo kwa karibu miezi minne. Kompyuta yao ya mezani, waliyoinunua ikiwa mtumba, ilikuwa na watumiaji watatu: baba aliyechapa barua zake, mama ambaye ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani, na mtoto wao wa kiume wa kidato cha tatu.

Mara skrini igeuke bluu yenye maandishi meupe, mara ijizime na kujiwasha yenyewe. Baba akichapa barua, haina neno. Kijana akikaa, nusu saa haiishi. Hesabu ikaonekana rahisi: anayeiharibu ni yeye.

"Baba, mimi sijaingiza kitu," kijana alisema, lakini hakusikilizwa. Magemu yakafutwa, neno la siri likabadilishwa, akabakishiwa Jumamosi tu, tena mama akiwa ameketi pembeni.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows upya. Wiki mbili baadaye tatizo likarudi, akapiga tena na kulipwa tena. Picha za mahafali ya darasa la saba zikapotea katika kazi hiyo.

Kisha faili la marejesho ya kikoba likagoma kufunguka, na wanachama wakataka kujua fedha zao zimeandikwa wapi. Mama alikesha akijaza upya kutoka kwenye daftari. Lawama zikamwangukia mtoto, ambaye wakati huo alishaacha kujitetea.

Aliyeanza kutilia shaka ni mama. Wakati wa likizo kijana alikwenda kwa bibi yake Muheza, na ndani ya wiki hiyo kompyuta ikazima mara tatu.

"Baba watoto," alimwambia mumewe, "mtoto yuko Muheza. Sasa hii nani ameizima?"

Fundi wa pili hakuuliza nani anaitumia. Aliuliza inazima kwenye programu moja au popote, na ujumbe unaotokea ni uleule au hubadilika. Alipojibiwa kuwa ni popote na hubadilika, akaiwekea programu ya kupima RAM na kuiacha usiku kucha. Asubuhi orodha ya makosa ilikuwa imejaa. Kati ya vibao viwili vya RAM vya GB 4, kimoja kilikuwa kibovu.

RAM si neno geni kwa mzazi aliyewahi kununua simu dukani. Ni kumbukumbu ya muda ambamo kifaa huweka kazi inayofanyika sasa hivi. Diski ni kabati la kutunzia, RAM ni meza ya kufanyia kazi.

Kibao kimoja cha GB 4 kina vijumba zaidi ya bilioni 34 vya kuhifadhi taarifa. Vichache vikiharibika, kompyuta inaweza kusoma kitu tofauti na kilichoandikwa, ikachanganyikiwa na kuzima. Hata namba za kikoba hupita kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski, ndiyo maana faili linaweza kuharibika bila mtu kuligusa.

Hapo ndipo kijana alipoponzwa. Barua ya baba hutumia kona ndogo ya meza, gemu hutandaza vitu meza nzima. Kijana hakuwa anaharibu chochote, alikuwa anafika mahali palipokwisha kuharibika. Na kupiga Windows upya hakukusaidia, kwa sababu programu mpya iliwekwa juu ya kifaa kilekile kibovu.

Tatizo hili si la mitumba peke yake. Utafiti wa mwaka 2009 wa Google na Chuo Kikuu cha Toronto ulionyesha kuwa kila mwaka zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya RAM katika kompyuta za kampuni hiyo vilipata hitilafu. Zile zilikuwa na RAM inayoweza kujisahihisha. Kompyuta nyingi za nyumbani hazina uwezo huo.

Hata hivyo, si kila kuzima ni RAM. Joto, vumbi, umeme usiotulia, pawasaplai iliyochoka na diski mbovu huleta dalili zinazofanana. Ni kama homa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, kwa kuwa si kila homa ni malaria. Kompyuta nayo ipimwe kwanza.

Mzazi anaweza kuanza hivi:

Hamishia mafaili muhimu kwenye flashi kabla ya jambo lolote.

Andika siku, saa, kazi iliyokuwa ikifanyika na maneno yaliyotokea kwenye skrini.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched.exe, kisha ruhusu kompyuta ijiwashe upya. Itajipima yenyewe.

Ikionekana nzima lakini bado inazima, mwombe fundi aipime kwa MemTest86 kupitia flashi, usiku kucha. Hata kosa moja halipaswi kupuuzwa.

Makosa yakionekana, vibao vipimwe kimoja kimoja, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme kila kinapobadilishwa. Kabla ya kununua kingine, jua aina yake: cha DDR3 hakiingii kwenye nafasi ya DDR4.

Kompyuta ya Mbagala inafanya kazi kwa kibao kimoja kilichobaki, taratibu kidogo, lakini haizimi.

Baba alitaka kumrudishia kijana neno la siri kimyakimya. Mama akakataa, akasema aliyemshtaki mtoto mbele ya watu amsafishe mbele ya watu. Jioni, wakati wa chakula, baba alimwambia mwanawe, dada zake wakisikia, kwamba hakuwa yeye na kwamba anaomba radhi.

Siku hizi kijana ndiye anayenakili hesabu za kikoba kwenye flashi kila Jumapili. Flashi yenyewe hukaa kwenye mkoba wa mama.