Namba Ubavuni mwa Beringi

Miaka sita nilichomelea mageti na vitanda hapa Manibe, West Nile nchini Uganda, na kipimo changu kikubwa kilikuwa jicho. Geti likipinda, unaligonga nyundo, linakaa. Nikaamini chuma chote kiko hivyo.

Ndipo mama mmoja jirani akaniletea mashine yake ya kusaga mihogo, shafti imekatika. Nilitafuta chuma kinene, nikakipiga tupa mpaka beringi ikaingia. Ilikuwa ikicheza kidogo, nikaizungushia shafti kipande cha bati, nikamwambia, "Mama, imepona." Siku ya tatu beringi iliungua, shafti ikalika, mkanda ukaruka. Mashine ile ndiyo iliyolipa karo ya watoto wake. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Nikaibeba shafti pamoja na beringi yake hadi Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, kwa mzee mmoja mkerezaji. Akaigeuza beringi, akaweka kidole ubavuni: 6206.

"Hapa wamekuandikia nini, kijana?"

Sikujua. Akanifundisha: chukua tarakimu mbili za mwisho; kuanzia 04, zidisha kwa 5. Sita mara tano, thelathini. Tundu lake ni milimita 30. Akapima shafti yangu kwa vernia: 29.4. Upungufu hata milimita moja haufiki! Lakini nafasi hiyo inatosha kuifanya ringi ya ndani iteleze juu ya shafti, ikapata joto, ikala chuma. Nilikuwa nimeishika beringi mkononi, nayo imeandikwa jibu.

Nilikaa kwake miezi minane. Miwili ya kwanza nilifagia vinyuzi vya chuma tu na kupima, kupima, kupima, hadi nikaweza kusoma sehemu mbili za mia za milimita.

Nilirudi mwaka 2024, mwaka ambao umeme wa gridi ya taifa ulifika West Nile. Kabla yake tulitegemea jenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak, wa megawati 3.5, na umeme ukikatika katikati ya kukereza, kazi inaharibika. Kwa ushirika na fundi mwenzangu nilinunua mashine kuukuu ya kukereza.

Kazi ya kwanza ilikuwa shafti ya yule mama, bila malipo. Beringi iliingia kwa kubanwa, pasipo bati. Alisaga tangu asubuhi. Jioni nikaenda, nikaweka kiganja juu ya nyumba ya beringi. Ilikuwa vuguvugu tu.