Orofa ya Binti Yetu

Kwa desturi ya Lamu, baba mwenye uwezo humjengea binti yake orofa juu ya nyumba ya mamake, asiolewe mbali. Sisi uwezo wetu ulikuwa kuikarabati ile aliyotuachia babu, na tulidhani ni kazi ya wiki 3.

Kosa la kwanza lilikuwa letu la zamani. Ukuta ulipoanza kumomonyoka, tuliamuru upakwe saruji, kwa kuwa ni rahisi na hukauka upesi. Lakini nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huvuta unyevu, kisha huutoa. Saruji ikauziba. Haikupita masika ya pili, chumvi ikachomoza, plasta ikaanguka, na kichwa cha boriti kilichomo ukutani kikaoza. Safari hii fundi alitumia siku 9 kuibandua saruji yetu kabla ya kupaka chokaa. Kitanda cha dukani nacho hakikuingia: upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, nao si mrefu.

Kisha likaja la dirisha. Tulitaka kubwa, ili wana wapate upepo. Mawe 4 yalikuwa yamekwisha kutolewa afisa wa hifadhi alipotusimamisha, akatukumbusha kwamba Mji wa Kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ukuta hautobolewi bila idhini. Tulinung'unika sana. Nyumba ni yetu, hati imo sandukuni. Mgeni atuamulie upepo?

Mama watoto hakubishana nasi. Alitupandisha juu asubuhi, akatusimamisha penye tundu. "Hebu tazama chini."

Chini ulikuwa ua wa jirani yetu, mjane, mahali anapopikia akiwa kichwa wazi. Kuta za wazee wetu hazikukosa madirisha kwa ujinga, zilikuwa sitara. Na sisi ndio tunaosomesha haki za jirani kila Alhamisi baada ya Magharibi!

Jioni tulikwenda kupiga hodi na kuomba radhi. Alitupokea kwa kahawa.

"Shekhe, nyundo niliisikia tangu juzi," alisema. "Nikahamishia jiko langu pembeni."

Tundu limezibwa kwa mawe yaleyale. Chokaa haijakauka bado, na nikahi tumeisogeza hadi Mfungo Pili.