Mchungaji anayesema "sijui"

Kwenye Biblia ya mchungaji mmoja wa Kolandoto, ukurasa wa Kutoka 22 umechakaa kuliko ule wa Zaburi ya 23. Si kwamba anaupenda. Analetewa. Mtu anafika na Biblia yake kwapani, anafungua mstari wa 18, ule wa adhabu ya mwanamke mchawi, anaweka kidole pale na kuuliza: "Baba mchungaji, haya nayo si maneno ya Mungu?"

Kwa Shinyanga hilo si swali la darasa la theolojia. Nyuma yake linaweza kuwepo panga.

Aliniomba nisimtaje jina, wala kanisa lake. Itoshe kusema ni kanisa dogo la Kiprotestanti, bati limeanza kushika kutu, na haliko mbali na njia panda ambapo barabara ya Lalago na Meatu inachepuka kutoka ile ya Mwanza. Kolandoto watu wengi wanaijua kwa hospitali, iliyoanzishwa na wamisionari wa Africa Inland Mission mwaka 1913. Uprotestanti hapa ulikuja na sindano na Injili kwa pamoja, na yeye anasema bado hajaona sababu ya kuvitenganisha.

Nilipowaambia wenzangu wa Dar es Salaam kwamba nimempata mchungaji mwanamageuzi huko Usukumani, walinipa maswali ya mjini. Wanawake madhabahuni je? Hana shida nao. Anakumbusha kwamba KKKT walikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji tangu 1990, na anashangaa wanaoendelea kukuna vichwa. Ndoa za mabinti? Hafungishi ndoa ya binti aliye chini ya miaka 18, basi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi; Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kwamba katika mkoa huu asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufika 18. Hapo mzazi anaona ng'ombe wa mahari wanapita mbali na zizi lake, na mchungaji anaitwa majina. Anayajua yote. Mengine ananitajia huku anacheka.

Lakini jambo linalokula siku zake ni moshi.

Anaieleza hivi, na mimi sijasikia mahubiri ya Kwaresima yaliyonikaa kama maelezo haya. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu mikubwa Shinyanga ili kuondoa mbung'o. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, watu wakaongezeka, miti ikaisha. Mwanamke wa hapa akaanza kupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe. Jiko ni la mafiga matatu, nyumba haina dirisha, na yeye anainama juu ya moshi huo miaka hamsini. Akifika uzeeni macho yake ni mekundu. Na macho mekundu, kila mtu wa kanda hii anajua yanasemwa kuwa ni dalili ya nini.

"Kwa hiyo tulikata miti," anasema, "halafu tukawakata waliokosa kuni."

Ndiyo maana utamkuta anapanda miti kama mtu anayelipwa kwa mche. Anausifu mradi wa HASHI, ulioanza 1986 kuirudishia Shinyanga uoto wake, hasa kwa sababu haukuja na mambo ya ajabu: ulifufua ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili ng'ombe wale kiangazi. Nyuma ya kanisa ana kangitili kake kadogo. Na akitembelea wazee hatangulizi sala. Anaingia jikoni, anaangalia moshi unatokea wapi, anauliza kama watoto wa nyumba hiyo wanaweza kutoboa dirisha. Nimemwona akikanda udongo wa jiko banifu huku amekunja mikono ya shati la kola ya kichungaji.

Kuna neno analolichukia: vikongwe. Magazeti yetu yamekuwa na kichwa cha habari "mauaji ya vikongwe" tangu sijazaliwa, kana kwamba ni vitu fulani vilivyokuwa stoo. Yeye anasema "mama zetu". Kwenye ibada anataja majina ya walio hai, mmoja mmoja, pamoja na idadi ya wajukuu waliowalea.

Sasa, moshi unaeleza macho. Hauelezi kifo, na watu wanaua kwa sababu ya kifo. Chuoni tulisomeshwa kitabu cha Evans-Pritchard cha 1937 kuhusu Wazande: ghala limeanguka kwa sababu ya mchwa, kila mtu anajua, lakini mbona limeanguka saa ile, likamwangukia yule? Hapo ndipo uchawi unapoingia. Nilimsimulia mchungaji nikidhani namletea kitu kipya. Akaniambia hilo ndilo swali la kila msiba anaohudhuria. Madaktari wanamwachia yeye.

Na yeye anajibu, "Sijui."

Mwanzoni nilihisi ni jibu la kukwepa. Baadaye nikaona lilivyo ghali. Mganga wa ramli chonganishi anajua, na anakupa jina. Nabii wa hema la jirani naye anajua. Hataji jina, ila anasema adui wako ni wa ukoo, ni mwanamke, anaishi upande wa machweo. Mpaka ufike nyumbani umeshapata mtu. Katikati ya wajuzi hawa wote anasimama mtu mmoja mwenye kola nyeupe na kusema hajui. Waumini wanahama, na sadaka inahama nao. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia mbele yangu, bila hasira: "Mchungaji, sisi tunakulipa ujue."

Akajibu kwamba katika kitabu cha Ayubu, waliojua sababu za msiba ndio waliokemewa na Mungu mwishoni.

Vijana wanaokwenda Geita na Kahama kuchimba dhahabu humpitia wakitaka maombi ya duara. Yeye huuliza kwanza kama wameweka matimba ya kutosha. Wengine humwona mshamba. Lakini katika kanda hii imani ya kwamba utajiri unafunguliwa na mganga imeshaua: tangu 2007 watu wenye ualbino walianza kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao, na watoto wakapelekwa kuhifadhiwa shuleni Buhangija, pale Shinyanga mjini, mbali na mama zao. Mafuta ya upako ya kuvuta dhahabu, anasema, ni ndugu wa dawa ile. Kwa hiyo hauzi hata chupa moja. Mimi naona hapo anakaza sana. Chupa ya mafuta si panga. Tumebishana mara mbili na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mara ya mwisho nilimfuata kwenye msiba, kijiji kimoja cha barabara ya Lalago. Amefariki mwanaume wa miaka arobaini hivi, karatasi ya hospitali inasema sukari, imegunduliwa imechelewa. Mchungaji alibeba blanketi. Wachungaji wengi huzika na kuondoka. Yeye hulala msibani, kwa sababu, anavyosema, safari ya kwenda kupiga ramli hupangwa usiku wa pili au wa tatu, wageni wakishapungua. Akiwepo, wanaona aibu kuipanga.

Usiku wa pili kaka wa marehemu akamsogelea. "Sukari tumesikia. Sasa nani kaituma?"

"Sijui, ndugu yangu."

Kimya. Mtu akatupa kuni motoni. Pembeni, peke yake kwenye mkeka, alikaa shangazi wa marehemu, mjane, macho yake ni yale yale. Tangu tufike sikuwa nimeona mtu akipokea chochote mkononi mwake. Mchungaji akainuka, akaenda pale. "Mwadila, mayu." Akaomba maji. Bibi akamtazama kama hakusikia vizuri, akachota mtungini kwa kata. Akanywa yote mbele ya watu, akaomba tena. Kata ya tatu akaniletea mimi. Nilikunywa, yalikuwa na harufu ya moshi.

Kisha akarudi kwa yule kaka na kuuliza swali ambalo mwenyewe huliita la pili baada ya "sijui": "Shamba la shangazi linapakana na la nani?"

Yule bwana alichelewa kujibu. "Na la kwetu."

Wakata mapanga hukodishwa, na mwenye kukodi mara nyingi ana shamba la jirani au urithi anaousubiri. Polisi wanalijua, mtendaji wa kijiji analijua. Mchungaji alichofanya ni kumpigia simu mtendaji usiku ule ule, sauti juu, kila mtu asikie, kumwomba aje asubuhi washuhudie mipaka.

Alikuja na daftari na pikipiki. Bibi alitangulia na fimbo yake kufuata mstari wa minyaa, kaka wa marehemu nyuma yake, halafu sisi. Mchungaji alikuwa anahesabu hatua kwa sauti. Alipofika sabini na nne akasimama kwenye jiwe, akauliza kama ndiyo hapa.

"Bado," bibi akasema, akaendelea kutembea.