Kuvunjika kwa Koleo

Umewahi kupigwa kalamu ukiwa na miaka 48? Mimi nimewahi. Miezi mitatu mizima nilijifungia nyumbani nikiwaonea haya majirani.

Asubuhi moja, nikimvisha kitindamimba wangu soksi za shule, nilimkumbuka Mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Mwaka wa 2004, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza. Alitaka kujisomea Biblia.

Siku hiyo hiyo nilimwendea fundi wa nguo mtaani, kijana wa rika la mwanangu, nikamwomba anifundishe. Alicheka kidogo, kisha akanipa kiti. Leo nashona sare za shule.

Nawe, nani alikuambia umechelewa? Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.