Njia ya Kutolea Kizazi

Pale Kalundu, Uvira, enzi za Mobutu, mwanamke akiambiwa kizazi kitolewe, aliuliza siku tu. Namna ya kukitoa haikuwa na mjadala: tumbo lilipasuliwa kuanzia chini ya kitovu. Ndivyo alivyofanyiwa mama mkubwa wangu, muuza ndagala. Akakatazwa kubeba beseni kwa wiki sita, na nyumba nzima ikala kwa mkopo.

Alikuwa amezaa kwa kupasuliwa mara mbili. Alikuwa na presha, na uvimbe kizazini ulimtoa damu hadi viganja vikapauka. Hakuna aliyemuuliza habari hizo, na hilo linaniuma kuliko kovu lenyewe.

Maana leo daktari makini huanzia hapo. Mshono wa uzazi huweza kukigandisha kibofu kwenye kizazi, na anayekata bila kujua anaweza kutoboa kibofu hicho. Damu pungufu hutibiwa kwanza, presha hushushwa. Kisha njia hupimwa. Kizazi kisipokuwa kikubwa mno, hutolewa ukeni: tumbo halikatwi, mgonjwa hupona upesi, na mara nyingi ganzi ya mgongo inatosha. Kwa matundu madogo na kamera kovu ni dogo pia, lakini mgonjwa hulazwa usingizi kamili, tumbo hujazwa gesi, kichwa huinamishwa chini, na moyo uliochoshwa na presha huona uzito huo. Uvimbe ukiwa mkubwa sana, tumbo hufunguliwa. Pengine mama mkubwa naye angefunguliwa vilevile, ila angejua kwa nini.

Mwaka 1988, huko Pennsylvania, Marekani, daktari Harry Reich alitoa kizazi kwa kamera, wa kwanza kufanya hivyo. Kwetu miaka iliyofuata ilikuwa ya kuzika. Hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi, alikokuwa daktari Denis Mukwege, ilivamiwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, na baadaye mpasuaji Guy-Bernard Cadière wa Brussels akawa anakuja kupasua naye kwa kamera. Nakumbuka furaha yetu: ujuzi wa Ulaya sasa ulikuwa Bukavu, mbele kidogo tu ya Kamanyola iliyo njiani, gari likivumilia mashimo na vizuizi.

Februari 2025 Bukavu ikatwaliwa na waasi wa M23, na vita vikakaa katikati ya barabara ya Uvira hadi Bukavu.

Binti wa mama mkubwa ana uvimbe na mishono ya uzazi kama mama yake, na presha ileile. Yeye ameulizwa kila kitu. Karatasi zake za uzazi zimesomwa, damu imepimwa, akaelezwa njia zote tatu akachagua ya ukeni, na daktari akakubali kwamba ndiyo inayomfaa. Lakini mpasuaji aliyeizoea kwa mwanamke mwenye mishono yuko Bukavu. Hapa Uvira wanaweza kumfungua tumbo wiki ijayo, na damu haijaacha kutoka.