Kurudi na Kurudia

Wanaocheza gemu za kuigiza uhusika wanaujua ujanja huu. Kabla ya kuzungumza na mlinzi wa geti, unasevu. Unajaribu kumdanganya, dadu zinakataa, mlinzi anachomoa upanga. Unarudi pale uliposevu, unamdanganya upya, na tena, mpaka dadu zikubali. Kwa Kiingereza tabia hii ina jina la dharau. Sisi hatujaipa jina, na sidhani inastahili dharau yote hiyo. Ukichezea huku kwetu Njombe, ambako umeme unaweza kukatika katikati ya sentensi, kusevu kila baada ya dakika tano ni busara ya kawaida, kama kutoka na sweta mwezi wa saba. Ninayemzungumzia ni yule anayerudi kwa kuwa ameshindwa, na hataki iwepo alama yoyote kwamba alishindwa.

Gemu iliyonifanya nilifikirie jambo hili ni Disco Elysium, iliyotoka mwaka 2019. Aliyeongoza uandishi wake ni Robert Kurvitz, mwandishi wa riwaya kutoka Estonia, na inaonekana: ina maneno yanayokadiriwa kufika milioni moja, mengi yakiwa mazungumzo. Wapenda vitabu msiikimbie, hii ni riwaya. Mpelelezi mlevi anaamka hosteli bila kumbukumbu, hajui hata jina lake, na nyuma ya jengo kuna maiti inaning'inia mtini. Kila anapojaribu jambo gumu, gemu inarusha dadu mbili na kujumlisha na ustadi alionao. Sita mbili umefaulu hata kama hukustahili. Moja mbili umefeli hata ungekuwa bingwa.

Sasa, anaisogelea ile maiti, harufu inamshinda, anatapika mbele ya watoto wakorofi wanaoponda kila kitu. Unaweza kurudi nyuma ukaifuta aibu hiyo. Lakini umechana ukurasa, tena ukurasa mzuri. Akitaka kuimba karaoke akafeli, haambiwi tu "umefeli". Anaimba kwa sauti iliyovunjika, ukumbi mzima unasikia, na katika wimbo ule mbovu unamjua kuliko angeimba vizuri. Waandishi hawa wamekuandikia kufeli kwa uangalifu uleule waliouweka kwenye kufaulu.

Si gemu zote zinafanya hivyo. Nyingi, ukifeli, mlango unafungwa na hakuna kilichoandikwa upande huo. Huko narudi nyuma bila haya. Kwa nini nivumilie ukurasa mtupu? Baldur's Gate 3, ya 2023, ina hata namna ya kucheza inayokuachia sevu moja tu, kwa anayetaka kujifunga mwenyewe. Siipendi sana. Mtu hakai na kushindwa kwake kwa sababu amefungiwa ndani, anakaa akikuta humo kuna kitu.

Ila kilichonikaa kichwani zaidi ni rangi. Disco Elysium ina majaribio mekundu na meupe. Jekundu ni mara moja, basi. Jeupe ukifeli linajifunga, mpaka uongeze pointi kwenye ustadi huo au ugundue kitu kipya mjini, ndipo linafunguka. Kurudi nyuma ni kujifanya hukufeli. Kurudia ni kuja tena ukiwa umefeli, na ukiwa na kitu mkononi.

Haya nilimwambia mdogo wangu, fundi simu kule Makambako, kilomita kama 60 kutoka hapa, kibanda chake kiko jirani na barabara ambayo malori ya Zambia hayaishi kupiga honi. Anaicheza gemu hii kwenye laptopu ya mtumba, kamusi pembeni, na hajawahi kurudi nyuma hata mara moja. Kidato cha nne alipata ziro. Nyumbani tumeimba arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea mpaka mama amechoka.

"Mtihani ule ni mweupe," nikamwambia. "Wewe unaufanya mwekundu."

Akapuliza vumbi kwenye simu iliyokuwa wazi mbele yake. "Sawa dada, ni mweupe. Si umesema mweupe haufunguki mpaka uongeze pointi? Nikijiandikisha leo, nimeongeza nini?"

"Ungesoma."

"Na hii kazi ya hapa siyo pointi?"

Nilitaka kumwambia kwamba Baraza la Mitihani halina somo la kubadilisha kioo. Bado naamini arudie, na nitamwambia tena Krismasi. Lakini mteja alishaingia, dada mmoja aliyedumbukiza simu kwenye ndoo ya maji. Mdogo wangu akaipokea kwa kitambaa, akaigeuza, akauliza kama aliiwasha baada ya kuitoa.

"Nimeiwasha mara tatu," dada akasema. "Inagoma."

"Ungeiacha ikauke kwanza," akamwambia, na akaanza kufungua skrubu.