Barua kutoka Leicester: Nani Alipie Mlango Uliofungwa?

Ndugu zangu wa Mwembe Tayari, Mombasa,

Juzi shangazi aliniuliza kwa simu: yakizuka maradhi mengine kama korona, mtaweza kuja kutuzika? Nilibabaika kumjibu, ndipo nikaona niwaandikie nyote.

Mwaka 2020 hamhitaji kukumbushwa. Aprili 8 Mombasa, Kilifi na Kwale zilifungwa, na mabasi ya Nairobi yaliyokuwa yakiijaza Mwembe Tayari kila jioni yakalala. Mei 6 ikafika zamu ya Mji wa Kale, katikati ya Ramadhani. Hakuna kutoka, hakuna kuingia, kwanza siku 15, kisha zikaongezwa hadi Juni 6. Idi ikawakuta watu humo humo ndani. Shangazi alikuwa amezoea kumpelekea bintiye wa Kibokoni, humo Mji wa Kale, mkate wa sinia kabla ya magharibi, mwendo wa miguu tu. Mwezi ule mkate uliliwa na majirani, kwa sababu askari walikuwa wamesimama njiani. Mume wa huyo binti ni hamali. Masoko na mikahawa ya ndani ilifungwa, na hakuna aliyewaeleza kodi ya nyumba ingetoka wapi.

Juni 29 yakatufika sisi. Leicester ikawa mji wa kwanza Uingereza kufungwa peke yake huku miji mingine ikifunguliwa. Hofu ilikuwa ile ile ya Kibokoni, lakini serikali ya huku ilikuwa ikilipa asilimia 80 ya mshahara wa mtu aliyesimamishwa kazi kwa sababu ya maradhi, bila kuzidi pauni 2,500 kwa mwezi. Vibarua wengi walitaabika hata hivyo, na wasio na makaratasi hawakupata kitu. Basi mimi sisemi kufunga ni kosa. Maradhi yakija, mlango hufungwa, na kuna roho zilizookoka kwa sababu ulifungwa. Linaloniuma ni kumfungia mtu kisha ukampelekea bili.

Na bili ilipelekwa. Ndege za kimataifa ziliposimamishwa Kenya Machi 25, 2020, waliowahi kuingia siku za mwisho walipelekwa karantini kwa lazima, kwa gharama yao wenyewe. Katika vituo vya serikali ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku. Hotelini ni zaidi. Wako waliomaliza siku 14 bila dalili yoyote wakazuiwa kutoka kwa kuwa hawana pesa. Mwezi Mei serikali ilitangaza kubeba gharama ya vituo vyake, lakini wengi walikuwa wameshauza walichonacho. Wala si kwamba sheria haikuwepo. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo Kenya na Uingereza zote zinafungwa nazo, zinasema katika kifungu cha 40 kwamba msafiri hatatozwa malipo ya karantini, isipokuwa yule anayekuja kuomba ukaazi.

Uingereza nayo ilikipita kifungu hicho mchana kweupe. Aprili 9, 2021 Kenya iliingizwa kwenye orodha nyekundu, yaani ya nchi zilizowekewa masharti makali ya usafiri. Mkazi wa huku akirudi kutoka Mombasa alilala siku kumi katika hoteli aliyopangiwa, kwa pauni 1,750. Agosti ikapanda hadi 2,285. Kenya nayo ilikuwa imejibu tangu Aprili hiyo kwa kusimamisha ndege za abiria kati yake na Uingereza. Ndege za mizigo ziliendelea kuruka, na mishiri ya Kenya haikukosekana dukani kwetu. Nilikuwa nikiigeuza pakiti mkononi, nasoma jina la nchi yangu, na moyo unanichemka. Mwaka huo huo Uingereza iliahidi kuipa Kenya dozi 817,000 za chanjo ya AstraZeneca, lakini hadi Oktoba aliyechanjwa Kenya hakutambuliwa huku kuwa amechanjwa.

Amu yangu alifariki katika miezi hiyo. Alizikwa Manyimbo alasiri ile ile, na mimi niliona jeneza kwenye simu ya mpwa wangu, picha ikikatika. Kwa mshahara wangu wa kazi ya ghalani, kwenda na kurudi kungetuacha bila kodi ya nyumba. Mwenye nazo alikwenda akazika wake, akarudi, akalipa. Mpaka ulifungwa kwa maskini tu.

Mei 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani (WHO) zilipitisha mkataba wa kukabiliana na majanga ya maradhi. Mkataba huo unasema wazi kwamba WHO haina mamlaka ya kuilazimisha nchi izuie wasafiri. Uamuzi ni wa serikali zetu, kwa hiyo lawama na madai tuyapeleke huko huko. Tunataka sheria ya Kenya itamke kwamba karantini ya lazima inalipwa na aliyeiamuru, kwamba Mkenya aliyekwama nje atarudishwa kwanza, na kwamba mtaa ukifungwa, chakula na kodi vifike siku ile ile, si baada ya mwezi.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Wagombea watakapokuja hapo Mwembe Tayari na vipaza sauti vyao, waulizeni hili la nani atalipa, na msiwapigie makofi mpaka wajibu.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Leicester